Mashine ya Butihinda Inaganda Jumamosi

Butihinda, Jumapili, 4 Mei 2025

Dada Swabra,

Imeganda tena. Jana, Jumamosi asubuhi, kama Jumamosi iliyopita. Nimeona nikuandikie kabla sijaenda kanisani, maana vinginevyo nitakaa kwenye benchi na hasira zangu na mahubiri yatanipita.

Nasema lile boksi jeusi ulilotufungia ukutani hapa kituo cha afya mwezi wa pili. Linapokea picha za utrasaundi za wajawazito, linazisimba ili mtu wa njiani asizione, kisha linazirusha kwa antena mpaka kwa daktari Muyinga. Siku za kazi halina neno. Ikifika Jumamosi, taa ya kijani inasimama, kioo kinasimama, na muuguzi wetu Efrazia ananitazama mimi fundi kana kwamba ndiye niliyeganda. Nalizima, naliwasha, linaamka bila hata kuona haya.

Nimekunakilia kwa mkono maneno ya mwisho yaliyobaki kwenye kioo, utayaona karatasi ya pili. Mengi ni namba. Mstari mmoja nimeuelewa nusu: unasema kazi fulani imepelekwa kulala mahali ambapo hairuhusiwi kulala. Tangu lini mashine inalala? Na ruhusa ya kulala inatolewa na nani? Tulipokuwa chuoni hapo Gitega wewe ndiye uliyekuwa ukikaa na vitabu vya mambo ya ndani kabisa, sisi wengine tukikimbilia kufungua kompyuta kwa bisibisi. Sasa nakuja kwako na karatasi yangu.

Jeska yuko mwezi wa saba. Unajua yaliyotupata mwaka juzi. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni, hatukujua, na tulipojua tulikuwa juu ya pikipiki katikati ya njia ya Muyinga. Sitaki kuandika zaidi. Nataka boksi hili limwone huyu mtoto mapema, basi.

Barua hii anakuletea mjomba wako Uthmani akirudi na gari lake la vitenge. Mtandao wa simu huku ni wa kubahatisha.

Audax


Magarama, Gitega, 8 Mei 2025

Kaka Audax,

Karatasi yako imefika na harufu ya petroli, maana mjomba Uthmani alikaa nayo kwenye foleni ya kituo cha mafuta. Nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni. Mama ameniita nije nile, nimejibu "nakuja", na chakula kimepoa. Karatasi tamu sana hii!

Nikupe picha ninavyoiona. Fikiria chumba cha dawa hapo kwenu. Kina mlango mmoja na ufunguo mmoja. Efrazia anaingia, anajifungia kwa ndani ili asisumbuliwe akihesabu, halafu anakuta bandeji zimekwisha. Anafanya nini? Anakaa kwenye kiti, anasinzia, anangoja aletewe. Na mwenye kuleta bandeji yuko nje, anagonga mlango uliofungwa. Huyu hatoki, yule haingii, na foleni ya wagonjwa inafika barabarani.

Ndani ya boksi, kile kiini cha mfumo, yaani sehemu ya chini kabisa inayotawala zote, kina kipande cha kusimba picha. Kipande hicho kinashika kufuli kwanza, kisha ndipo kinaomba kumbukumbu ya kufanyia kazi. Kuna kuomba kwa namna mbili. Ya kwanza ni kusema: nipe, na kama hakuna niko tayari kulala mpaka ipatikane. Ya pili ni kusema: nipe sasa hivi au niambie huna. Aliyeandika kipande hiki, simjui, ni mtu wa mbali, ameomba kwa namna ya kwanza akiwa na kufuli mkononi. Kumbukumbu ikiwepo hapo karibu, hakuna anayelala, na kosa linakaa limejificha miaka. Siku ikikosekana, mgawa zamu, yule ndani ya kiini anayepanga kazi ipi ifuate, anakilaza kile chenye ufunguo na kuita kazi nyingine, nayo inakwenda kuzunguka mlangoni bila kumpa mtu nafasi. Kwisha.

Kinachonichanganya ni hiki: kwa nini Jumamosi? Boksi lenu linapitisha picha chache tu. Kumbukumbu inaishaje? Niambie Jumamosi kuna nini hapo. Nani anaingia, nani anatoka, jua linapiga wapi, mbuzi wanafungwa wapi. Niandikie hata unaloliona la kijinga.

Na uandike haraka. Bwana Prosper, mkuu wetu, jana kanisimamisha kwenye ngazi: "We Swabra, ile machine ya Butihinda iko inatuaibisha. Kila samedi inakufa. Mwezi wa sita ikiisha na bado iko hivyo, mi nakwenda kuitoa, tunaipeleka Makebuko. Makebuko iko na courant, umeme muzuri." Nimemwambia atulie. Hajatulia.

Msalimie Jeska.

Swabra


Butihinda, 13 Mei 2025

Dada Swabra,

Nimesoma habari ya chumba cha dawa, nikamsomea na Efrazia. Amenuna, anasema yeye hajawahi kusinzia zamu.

Umeniuliza Jumamosi kuna nini. Hakuna kitu. Ni kazi za maendeleo tu kama nchi nzima: watu wote wa kilima wanachukua majembe, wanakwenda kutengeneza barabara au kuchimba mitaro, na magari yanasimama mpaka kazi iishe. Kituo kinabaki kimya. Efrazia anawapiga picha wajawazito wawili watatu wasioweza kulima, na mlinzi wetu Nazario anakaa dirishani. Mbuzi hatuna.

Labda ni joto? Labda sola?

Nina swali la pembeni, usinicheke. Huyu mgawa zamu anajuaje nani ana haraka na nani hana? Nimelifikiria hilo nikipalilia maharage mpaka Jeska akaniuliza nazungumza na nani. Kama anakatisha kazi ya mtu katikati na kumpa mwingine, yule aliyekatishwa anakumbukaje alipoishia?

Tafadhali fanya unaloweza. Makebuko nako kuna wajawazito, najua, lakini wao wako karibu na hospitali ya Gitega. Sisi tuna ile njia.

Audax


Magarama, 19 Mei 2025

Kaka Audax,

Swali lako si la pembeni hata kidogo, ndilo swali lenyewe. Aliyekatishwa anawekewa vitu vyake vyote kando kama fundi cherehani anayeacha nguo na sindano ikiwa imechomekwa alipofika. Akirudi anashika sindano, anaendelea. Marehemu baba, Twaha, alikuwa na cherehani tatu na hakupotea hata siku moja. Ila kuna mahali ambapo huruhusiwi kumkatisha mtu, na hapo palipo na kufuli ni mojawapo.

Nimekaa na boksi la pili, pacha wa lenu, hapa mezani. Nimepitisha picha nyingi kuliko mtakazopiga mwaka mzima. Halijaganda. Nimelipasha joto juani, nimelichezea umeme mpaka Mama akazima swichi. Halijaganda. Audax, kuna kitu kiko Butihinda na hakiko kwenye meza yangu, na kutokijua kunaniwasha mwili mzima.

Hata hivyo nimerekebisha. Kwenye memori kadi iliyofungwa ndani ya karatasi hii kuna kiini kipya. Pale penye kufuli, sasa kinaomba kwa namna ya pili: nipe sasa au sema huna. Hakiwezi tena kulala na ufunguo. Kikinyimwa, kinaacha na kutoka. Najua utauliza: na ile picha? Kwa picha zenu chache hakitanyimwa karibu kamwe, maana kumbukumbu ni tele.

Zima, toa kadi ya zamani, chomeka hii, washa. Kisha ngoja Jumamosi uniambie.

Swabra


Butihinda, Jumapili, 25 Mei 2025

Dada Swabra,

Halijaganda! Jumamosi nzima, taa ya kijani inapepesa kama kawaida. Efrazia ametuma picha, daktari amejibu. Nimesimama mbele ya lile boksi tangu asubuhi mpaka watu waliporudi na majembe, na halikusita.

Mungu akulipe, wewe na cherehani za mzee Twaha.

Mwambie Bwana Prosper.

Audax


Magarama, 28 Mei 2025

Kaka!

Nimepiga vigelegele ofisini, peke yangu, na Bwana Prosper akatoka kuona nani ameolewa. Nimemwonyesha barua yako. Akasema: "Bon. Voilà. Mi nilijua utaweza." Hakujua lolote, lakini nimempokelea.

Sasa sikia jambo. Kile kipande si chetu peke yetu. Kiko kwenye mashine nyingi duniani zenye kidude kama hicho cha kusimba. Nimeandika rekebisho langu vizuri ili niwapelekee wale wanaotunza kiini, watu wa nchi mbalimbali ambao kazi yao ni kulisoma kila neno kabla halijaingia. Ni wakali. Wataniuliza tu: uliwezaje kuligandisha, na ulijuaje kuwa limepona? La pili ninalo jibu: Butihinda. La kwanza sina bado, na ndilo linaninyima raha. Mtu anayesema amemponya mgonjwa bila kujua alikula nini!

Hebu fikiri tena, kaka. Jumamosi. Kitu chochote.

Swabra


Butihinda, Jumapili, 1 Juni 2025

Kwa Dada Swabra wa Gitega,

Hunijui sana. Tulionana ile siku ulipokuja kufunga boksi, nikakuletea viazi na chai. Mimi ni Jeska, mke wa Audax. Naandika bila yeye kujua. Usinielewe vibaya, nakuja na ombi.

Kwanza asante kwa kutengeneza boksi. Sasa ombi lenyewe: tunakuomba uturudishie simu zetu.

Labda wewe wa mjini hujui ilivyo, ndiyo maana ulikataza. Watu wa kilima hiki wengi tumekulia Tanzania, makambini kule Kigoma, na ndugu zetu wengine wamebaki. Jumamosi kabla ya kwenda kulima barabara, kila mtu anaacha simu yake dirishani kwa Nazario. Ukilima nayo mfukoni inaangukia topeni, na nyumbani umeme hakuna. Nazario anazipanga kwenye soketi za sola, zinachaji, na kwa kuwa Audax aliziunganisha na waifai ya boksi, zinavuta kila kitu kilichotumwa juma zima: picha, video za harusi, na hasa sauti. Tukirudi na matope yetu tunakaa ukutani, kila mtu na simu yake sikioni. Bibi Imelda mjukuu wake yuko Kibondo. Kila Jumamosi anasikiliza sauti yake, anamjibu kwa kelele kama vile anamwitia ng'ambo ya bonde.

Juma lile ulipotuma kadi, Audax alisimama dirishani akatuambia dada wa Gitega amekataza simu zote. Bibi Imelda amemuuliza, "Nimemkosea nini huyo dada, wakati hata hanijui?" Mimi pia nimejiuliza. Tangu hapo dirisha ni tupu, na jana pia.

Kama simu ni kosa, tuambie ni kosa gani, tutaelewa. Sisi si watoto.

Mimi niko salama. Nimeshafunga kitenge changu cha hospitali, sabuni na beseni na nguo za mtoto, kiko nyuma ya mlango. Safari ile Audax alianza kutafuta sabuni wakati mimi nalia. Safari hii kimefungwa mapema.

Jeska Nizigama


Magarama, 4 Juni 2025

Audax,

Mimi nimekataza nini? Lini? Kwa mdomo upi?

Nimekuuliza mara zote hizo Jumamosi kuna nini, ukanijibu mbuzi hamna! Sasa ndiyo naelewa kwa nini hukunitumia hata ujumbe mmoja kwa waifai, tukabaki kuhangaika na gari la mjomba. Uliogopa nisijue kwamba umeigawa. Na ile Jumamosi ya furaha dirisha lilikuwa tupu, kwa hiyo rekebisho langu halijajaribiwa kabisa. Nimemwambia Prosper limepona. Bado kidogo niwaambie na wale wa dunia nzima. Nimekasirika, nakwambia wazi.

Bon. Nimekasirika na nina furaha, vyote pamoja, kwa sababu nimepata. Kila sauti ya kutoka Kibondo inapita kwenye boksi na lazima isimbwe na kusimbuliwa kama picha ya daktari. Simu za kilima kizima zinaamka kwa pamoja, zote zinavuta kwa pamoja, na kumbukumbu inakwisha. Hicho ndicho alichokula mgonjwa.

Zirudishe simu. Zote. Jumamosi hii, wakati zinavuta, Efrazia atume picha moja baada ya nyingine, na jioni umuulize daktari ni zipi zilizomfikia. Najua likiganda Prosper atasikia. Zirudishe hivyo hivyo.

Na umwambie Bibi Imelda kwamba mimi sijakataza mtu.

Swabra


Butihinda, Jumapili, 8 Juni 2025

Dada Swabra,

Una haki ya kila neno. Nilifikiri nikisema, mtakata waifai, na mimi ndiye ningesimama mbele ya wale watu. Halafu, nilipoanza kuzishuku simu na Bwana Prosper anataka boksi, nikawazuia mwenyewe, na nikalitumia jina lako. Nimemwomba Bibi Imelda radhi mbele ya wote. Amenisamehe, ila ananicheka mpaka sasa.

Jana simu zilirudi, dirisha likajaa. Boksi halikuganda. Nilikuwa nimeshaanza kufurahi.

Jioni nikampata daktari. Efrazia alituma picha za akina mama wote waliokuja, na kila moja boksi liliandika "imetumwa". Kwa daktari zimefika baadhi tu. Nyingine hazipo, hazijafika popote, na hakuna aliyeambiwa. Ya Jeska haikufika.

Ingekuwa afadhali ligande, Swabra. Likiganda tunajua. Hili limetuambia imetumwa, sisi tukaenda kula.

Jeska tutampiga picha tena kesho, pasipo na simu. Naogopa.

Audax


Magarama, 13 Juni 2025

Audax na Jeska, wote wawili,

Nimeisoma barua yenu nikakaa chini. Kosa hilo la pili ni langu, wala si la yule mtu wa mbali. Nilimzuia Efrazia kusinzia chumbani, nikamfundisha badala yake kutoka bila bandeji na kumwambia mgonjwa "tayari". Niliondoa kelele, ugonjwa nikauacha. Nilijua kinaweza kunyimwa, nikasema hakitanyimwa, kwa sababu nilifikiri najua kinachopita ndani ya boksi lenu.

Sasa nimeandika upya, polepole. Kumbukumbu inaombwa kabla ya kugusa kufuli. Kama haipo, kazi inasubiri nje, ambako kulala kunaruhusiwa na mgawa zamu anaweza kuwapa wengine nafasi bila kumfungia mtu. Ikishapatikana, ndipo inashika kufuli, inasimba, inaachia. Na nimetenga akiba ndogo ya picha za daktari isiyoguswa na sauti wala video za harusi. Ikitokea imeshindwa kweli, itasema imeshindwa.

Hapa mezani nimekusanya simu zote za nyumba hii, za majirani, na za wateja wa duka la Kadidja hapo chini, nikaziunganisha. Kiini cha kwanza kikaganda, nikapiga kelele kwa furaha. Cha pili kikatupa picha kimyakimya. Cha tatu kimekaa. Lakini meza yangu ilishanidanganya mara moja.

Nimekwenda kwa Bwana Prosper na ukweli wote, simu na yote. Akasema: "Mi mwenyewe nakuja kule, samedi ya tarehe ishirini na moja. Simu zote zikuwe pale. Picha moja tu ikipotea, mi natoa machine, naiweka ku gari, byarangiye." Imekwisha, ndivyo alivyosema, na akiingia kwenye Kirundi ujue hatanii.

Kadi iko ndani ya karatasi. Jeska, barua yako ndiyo iliyofungua haya yote. Je, ile picha ya Jumatatu ilisemaje?

Swabra


Hospitali, Muyinga, 24 Juni 2025

Dada Swabra,

Naandika nimelala, kwa hiyo mistari inapanda na kushuka. Audax alitaka aandike yeye. Nimemnyima kalamu.

Ile picha ya Jumatatu daktari alisema mtoto bado hajageuka, lakini muda upo, nipigwe tena. Tukangoja Jumamosi ya Bwana Prosper.

Mimi ndiye niliyezunguka kilimani kuwaambia watu. Nimewaambia dada wa Gitega anataka simu, na walete hata za wageni. Walicheka sana. Wiki tatu zilizopita mwiko, leo amri! Dirisha halikutosha, Nazario akaleta mikeka. Bwana Prosper alifika na bisibisi ipo mfukoni, tumeiona, akasimama mbele ya boksi mikono nyuma. Hakunywa hata chai.

Simu zikaanza kulia moja moja, halafu zote. Efrazia akawa anapiga picha na kutuma, anapiga na kutuma. Taa haikusimama. Mimi nilikuwa wa mwisho. Aliponipiga, boksi halikuandika "imetumwa". Liliandika "inasubiri". Audax alishika kichwa. Bwana Prosper akasogea, mkono mfukoni. Nikasema, jamani, ngojeni, mbona yenyewe imesema inasubiri? Tukangoja. Nazario aliacha hata kukohoa. Ndipo ikaandika "imetumwa", na daktari akajibu hata sijashuka kitandani: mtoto amelala kwa kukingama tumboni, uchungu ukianza hapo ni hatari, aletwe leo, asipande pikipiki.

Gari lililokuwepo lilikuwa moja tu, lile lililokuja kuchukua boksi. Bwana Prosper alisema, "Mama, twende. Mbio." Nikasema kitenge changu kiko nyuma ya mlango, na Audax alikileta kabla sijamaliza sentensi. Watu walikuwa barabarani na majembe, kazi haijaisha, magari hayapiti. Walipoona ni mimi walitoka wote kwenye njia, wakasukuma mawe kando, na Bibi Imelda akaniuliza dirishani kama ile sauti ya Kibondo imeshaingia. Nikamwambia iko inaingia.

Uchungu ulinikuta hapa hapa, ndani ya hospitali. Wamenipasua. Ni msichana, analia kwa nguvu. Nilipomsikia nililia na mimi, kwa ajili yake na kwa ajili ya yule wa pikipiki.

Bwana Prosper alikaa kwenye benchi mpaka jioni. Kaniambia bisibisi ameiacha Butihinda, hajui ilipo.

Jeska


Magarama, 7 Julai 2025

Mama mtoto,

Nimeisoma yako kwa sauti sebuleni na Mama amelia, akaanza papo hapo kukata kitambaa cha nguo za msichana wenu. Mjomba Uthmani atazileta.

Nami nina habari. Nimelipeleka rekebisho la tatu kwa wale watunzaji wa kiini. Huko kuna desturi: chini ya maelezo unaandika nani aliripoti kosa, na nani alijaribu dawa. Majina hayo yanabaki humo, kila mtu duniani atakayefungua ukurasa ule atayaona. Nimeandika hivi:

Imeripotiwa na: Audax Ndayikeza, Butihinda
Imejaribiwa na: Jeska Nizigama, Butihinda

Mmoja wao amejibu jana. Mkali kweli, amenikosoa nafasi za mistari. Halafu akauliza tuliwezaje kuigandisha kwa uhakika hivyo, maana wao wamelishuku kosa hilo muda mrefu wakashindwa kulinasa. Nimemweleza habari za majembe, za dirisha la Nazario na sauti za Kibondo, bila kuficha kitu. Akasema ameisoma mara mbili. Mwisho akaomba jambo moja: mjaribuji, Jeska Nizigama, ajaribu tena Jumamosi ijayo kabla hajalipitisha.

Nimemjibu kwamba mjaribuji amejifungua, yuko kitandani na mwanawe, na Jumamosi ijayo hatajaribu kitu chochote. Asubiri.

Ameandika neno moja tu: nitasubiri.

Swabra Twaha